Pete ya Pili

Chukua waya wowote wa sauti ulio nyumbani kwako, ule wa kuunganisha simu na redio au redio na spika, ukaitazame ncha yake ya chuma. Utaona imezungukwa na kijipete cheusi, au viwili, au vitatu. Kwa miaka mingi nimechomeka na kuchomoa nyaya za namna hiyo bila ya kujiuliza pete zile zina kazi gani. Nilidhani ni pambo la kiwandani. Leo najua, na nimejua kwa gharama ambayo nusura isilipike. Naisimulia habari hii kwa wapenzi wenzangu wa mashairi kwa sababu, ijapokuwa inaanza kwenye waya, inaishia kwenye kazi yetu.

Mwenzangu wa nyumbani ni Mpare wa Mbaga, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Same. Mwezi wa Agosti mwaka 1986 kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu, alikwenda likizo nyumbani na redio kaseti kubwa ya betri, yenye matundu mawili ya maikrofoni. Usiku mmoja akamkalisha baba yao, akamwomba asimulie jinsi ndiva ya mtaa wao ilivyobomolewa na mvua na jinsi ilivyojengwa upya. Mzee akasimulia kwa Chasu, lugha ambayo sisi wa pwani tumezoea kuiita Kipare, na kaseti ya dakika sitini ikajaa pande zote mbili. Mzee amekwishatangulia mbele ya haki, mkewe akamfuata, na mwalimu mwenyewe akawafuata wote wawili. Kaseti ikabaki sandukuni.

Kwa msomaji asiyeijua ndiva nieleze kidogo. Mji wa Same uko kwenye nyika kavu. Mvua hunyesha zaidi juu, kwenye milima inayopanda hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Wapare, tangu kabla ya kuja kwa wakoloni, walijifunza kuyazuia maji yale yasiteremke ovyo. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe: hupokea maji ya kijito usiku kucha, asubuhi hufunguliwa, na maji yakafuata mifereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Kuijenga na kuizoa tope ni kazi ya wote, nao huiita msaragambo. Asiyefika kwenye msaragambo hujitia mashakani siku ya kugawana maji. Kwa hiyo kusimulia nani alichimba ndiva si kusimulia mambo ya kale tu. Ni kusema nani ana haki ya maji.

Kaseti ile ilinifikia Unguja mwaka 2021, pamoja na ombi la ukoo kwamba niitafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa wajukuu waliozaliwa mijini hawaisikii tena lugha ya babu yao. Mimi sikusomea tafsiri popote. Nimejifunza kwa kusoma, kukosea na kukosolewa, na Chasu nimekiokota kwa wakwe zangu kwa muda wa karibu miaka thelathini. Nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Mwenzangu alikuwa tayari kunieleza neno lolote nitakaloliandika kwenye karatasi, lakini kuisikiliza kaseti alikataa. Alisema sauti ya baba yake hataisikia Unguja. Ataisikia Mbaga, mbele ya shangazi yake. Sikumlazimisha.

Nikaanza kwa kuihamishia sauti kwenye kompyuta. Kaseti za namna ile zililetwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, na utaratibu wake ni wa kuonea huruma: utepe mwembamba uliopakwa unga wa madini ya chuma hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita zisizofika tano kwa sekunde, na kila unapopita huchakaa kidogo. Kompyuta haikai na unga wala sumaku, inataka hesabu. Huipima sauti, kwa kiwango kilichozoeleka tangu enzi za sidii, mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kwa tarakimu. Baada ya hapo unaweza kuinakili mara elfu, na nakala ya elfu isipungukiwe kitu na ya kwanza.

Waya niliutoa kwenye droo. Ulikuwa na plagi mbili, moja kila upande, na kila plagi ilikuwa na pete moja nyeusi. Nikauchomeka kwenye tundu la spika za masikioni la redio yangu, na upande wa pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Redio ilinyamaza pale pale, maana ndivyo redio zilivyoundwa: ukichomeka kitu kwenye tundu lile, spika zake hujifunga. Nikawa nasikiliza kupitia kompyuta. Kwa kuogopa utepe usikatike nikaipitisha kaseti mara moja tu, nikaizima redio, nikaifungia kaseti kabatini kama dhahabu.

Sauti ya mzee ilikuwa safi, nzito, yenye mwendo. Nyuma yake mlikuwa na mvumo wa utepe na minong'ono ya mbali ambayo niliichukulia kuwa ni moto, kuku na upepo. Iko programu inayoondoa kelele za namna hiyo. Unaionyesha kipande cha mvumo mtupu, inajifunza, kisha inaufuta kila mahali unapotokea. Nikaifanyisha kazi. Mvumo ukaondoka na minong'ono ikaondoka, akabaki mzee peke yake katika utulivu kama wa msikitini baada ya sala.

Nikatafsiri kwa miezi minane. Kilichonivutia zaidi ni namna mzee alivyonyamaza. Alikuwa akisema sentensi moja, ananyamaza. Anasema nyingine, ananyamaza tena, mara nyingine kwa muda mrefu, kisha anaendelea kwa neno lisiloungana vyema na lile lililotangulia. Mimi ni mshairi, na mshairi akikuta kimya hakiachi bure. Nikakiandika kimya kile kwa nukta tatu tatu. Nikatunga hata dibaji ya kurasa nne kuhusu sanaa ya kunyamaza kwa wazee wa milimani, jinsi wanavyoliacha neno lizame kama maji yanavyozama kwenye udongo wa ndiva. Niliipenda sana dibaji ile. Niliwasomea marafiki wawili wa barazani, nao wakaisifu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 tukavuka bahari, tukapanda basi Dar es Salaam, tukapita Korogwe, Mombo, Hedaru na Makanya, jua likituunguza upande mmoja na milima ikitufuata upande wa pili, hadi Same. Kesho yake tukapanda kwa njia ya Mwembe hadi Mbaga. Shangazi alikuwa amekwishapita miaka tisini. Anatembea kwa mkongojo, macho yamepungua, lakini masikio yake ni ya binti. Tukamwamkia, akatuitikia marahaba, akauliza kabla hatujakaa: "Mmekuja naye?" Alikuwa akimkusudia kaka yake aliye ndani ya kaseti.

Nyumbani hapo palikuwa na runinga bapa, na chini yake king'amuzi. Nimewahi kulipenda neno hilo tangu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam na watu wakalazimika kununua visanduku hivyo. Wataalamu wanapendelea kusema kisimbuzi, na wana hoja yao. Lakini watu waliona kwamba kazi ya kisanduku ni kung'amua, wakakiita hivyo. Nilikuwa nimepanga kuiunganisha kompyuta yangu na runinga ile ili sauti ya mzee itoke kwa nguvu na maneno ya tafsiri yapite kwenye kioo, wajukuu wakasome huku wakisikia.

Waya wa kazi hiyo ni ule unaoitwa HDMI, uliotangazwa mwaka 2002 na kampuni kadhaa, zikiwamo Sony, Philips na Toshiba. Ndani ya kichwa chake kipana mna pini 19, na hupeleka picha na sauti pamoja. Jambo linalonifurahisha katika waya huo ni adabu yake. Kabla ya chochote kupelekwa, vyombo viwili huamkiana: runinga hujitambulisha kwa kompyuta, ikaeleza kioo chake kina ukubwa gani na inaweza kutoa sauti ya aina gani, na kompyuta huchagua lugha ambayo mwenziwe ataielewa. Kinachopita humo ni tarakimu, na tarakimu ama imefika ama haikufika. Waya wa zamani ulipochakaa, picha ilififia na sauti ikakwaruza taratibu. Huu ukiharibika hutoa vimetameta, au kioo huwa cheusi kabisa. Ndiyo maana, kwa masafa mafupi ya sebuleni, anayenunua waya wa bei kubwa kwa kutumaini picha nzuri zaidi hujidanganya. Maadamu tarakimu zote zimefika, waya wa bei ndogo umeifanya kazi ile ile.

Nilipouchomeka, picha ilitokea lakini sauti haikutoka. Nikachomoa, nikageuza, nikapuliza. Mjukuu wa kike wa shangazi, mwanafunzi wa sekondari, akaniambia kwa upole: "Babu, waya ni mzima. Kompyuta bado inaipeleka sauti kwenye spika zake yenyewe." Akabonyeza alama ya spika pembeni mwa kioo, akachagua jina la runinga. Mzee akazungumza.

Mwenzangu alijifunika uso kwa kanga. Watoto wakanyamaza. Shangazi aliinamisha kichwa akasikiliza, na dakika za mwanzo alitabasamu. Kisha nikaona uso wake unabadilika. Alipandisha mkono, nami nikasimamisha sauti.

"Mkwe," akasema, "mbona mzee anazungumza na nafsi yake?"

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo alivyosimulia, kwa vituo, na kwamba mimi nilikuwa nimekitazama kile kimya kwa makini. Nilitaka kumweleza kuhusu dibaji yangu. Hakunipa nafasi.

"Mimi nilikuwapo. Wifi yangu alikuwa mekoni na kipaza sauti chake mbele yake, mwalimu ndiye aliyemwekea. Hakuna neno la mzee ambalo hakulijibu. Umemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama maandishi kwenye kioo cha runinga, zile nukta zangu tatu tatu, zimepangika vizuri kama mapambo. Waya ulikuwa umefanya kazi yake bila ya dosari hata moja. Ulikuwa umelifikisha kosa langu mbele ya ukoo mzima, halikupungua tarakimu.

Kaseti yenyewe, namshukuru Mungu, nilikuwa nayo mkobani. Nilikuwa nimekuja kuirudisha. Kesho yake nikateremka nayo Same kwa fundi redio mmoja, kijana asiyezidi miaka thelathini, ambaye meza yake ilikuwa imejaa simu zilizopasuliwa vifua. Nikamsimulia. Hakuuliza habari za kaseti kwanza. Aliomba aone waya. Akaushika kwa vidole viwili, akacheka kidogo, akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu ujanani.

Kila pete nyeusi kwenye plagi ni mpaka wa plastiki unaotenganisha vipande vya chuma. Plagi ya pete mbili ina vipande vitatu: ncha hubeba sauti ya kushoto, kipande cha katikati hubeba sauti ya kulia, na shina ni njia ya umeme kurudi. Ya pete tatu huongeza njia ya maikrofoni, ndiyo inayotumika kwa simu. Ya pete moja, kama yangu, ina vipande viwili tu. Ukiichomeka kwenye tundu la sauti mbili, shina lake refu hugusa mahali ambapo sauti ya kulia ingepokelewa, na sauti hiyo huishia hapo hapo, haifiki popote. Tena, akasema, hata ningekuwa na waya mzuri nisingefaulu, kwa kuwa tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi mpakato hupokea sauti ya upande mmoja tu.

Mwalimu alikuwa amefunga maikrofoni mbili usiku ule. Ya kushoto alimwekea baba yake. Ya kulia alimwekea mama yake. Minong'ono niliyoidhania moto na kuku ilikuwa ni sauti ya mama mkwe wangu ikisikika kwa mbali kwenye maikrofoni ya mumewe, nami, baada ya waya kuifungia mlango, niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe hata kile kivuli chake.

Fundi aliifungua kaseti. Kile kijisponji kinachoubana utepe kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka, gundi imekufa. Akauhamisha utepe, kwa pumzi iliyozuiwa, kwenye ganda la kaseti nyingine. Akatoa kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, chenye matundu mawili, jeupe la kushoto na jekundu la kulia, na waya wenye pete mbili upande mmoja na vichwa viwili vya rangi hizo upande wa pili. Akaniambia utepe utapita mara hii, na hawezi kuniahidi mara nyingine. Tukakaa saa nzima katika joto la Same, hakuna aliyesema neno, malori yakipita barabarani. Ulikatika mara moja, dakika ya mwisho ya upande wa pili, akauunga.

Mama mkwe wangu alikuwepo mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ni nyembamba, ya haraka, na nyuma yake kijiko kinagonga chungu. Mzee anasema: tulichimba siku nyingi. Yeye anauliza: na udongo ulijitoa wenyewe? Mzee anacheka, kicheko kile mimi nilikiandika kuwa ni kikohozi. Mzee anasema: tulikuwa wanaume thelathini na kitu. Yeye anasema: wataje na waliobeba udongo kwa vikapu, kwa sababu asiyetajwa kwenye kazi atatajwaje kwenye zamu ya maji? Mzee anasema taja wewe. Naye anawataja wanawake kumi na mmoja, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, polepole kuliko anavyosema mambo mengine yote. Kimya kirefu kuliko vyote katika tafsiri yangu, kile nilichokiandikia ukurasa mzima wa dibaji, kilikuwa ni majina hayo kumi na moja. Jina la saba ni la shangazi. Wengine kumi hawapo tena duniani.

Nimejiuliza sana ilikuwaje mtu aliyelelewa kwa Paukwa na Pakawa asitambue kwamba hadithi iliyo mbele yake haina mwitikiaji. Tangu utoto tunajua kwamba hadithi haianzi mpaka aliyekaa chini ajibu. Tunajua kwamba shairi lina kiitikio, na kwamba mwimbaji wa taarabu asiyejibiwa na ukumbi ameimba nusu. Nilijua yote hayo, na bado nilipolikuta tundu tupu mahali pa kiitikio nililisifu kwa uzuri wake. Nadhani ni kwa sababu tundu lile lilinipa nafasi ya kusema mimi.

Silalamikii waya. Waya wa pete moja unafaa kwa kazi yake, na wa HDMI haukuongeza wala kupunguza. Watu husema siku hizi kwamba cha dijitali ni sahihi, na kwa maana moja ni kweli: kinafika kilivyotumwa. Lakini usahihi huo unaanzia pale tarakimu zilipokwisha kuandikwa. Kabla ya hapo kuna plagi iliyochaguliwa kwa haraka kutoka kwenye droo, na kuna mtu anayeamua ipi sauti na ipi kelele. Hayo mawili yakikosewa, nakala elfu zitalirudia kosa lile lile kwa uaminifu. Nawaomba, basi, wenye kaseti za wazee wao sandukuni, wazihamishe mapema, kwa waya wa pete mbili na kifaa kinachopokea sauti mbili, wasizitupe kaseti zenyewe baada ya kunakili, na wasiisafishe nakala ya kwanza. Mvumo uacheni. Hamjui ni nani aliyemo ndani yake.

Dibaji nimeichana. Tafsiri nimeianza upya, na sasa ina wasemaji wawili. Usiku wa mwisho wa safari ile, kabla sijaandika hata ukurasa mmoja kamili, shangazi alinitaka nimsomee nilichonacho. Kilikuwa bado kile cha zamani, cha mzee peke yake. Nikaona haya, lakini nikasoma. Kila nilipofika kwenye nukta tatu nilinyamaza, kwa mazoea, na kila niliponyamaza shangazi, macho yamefumba, akayajaza maneno ya wifi yake, moja baada ya moja, hata tukafika kwenye majina. Akayataja yote. Alipofika la saba alitua kidogo, akalitaja, akaendelea.